Mwenyeji ni Nani? Historia ya Kuchagua Miji ya Michezo ya Kimataifa, Ikitazamwa Kutoka Dodoma

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Picha iliyomo katika methali hii ni wazi. Mtu yumo nyumbani mwake, mgeni anabisha hodi, na kwa sababu ya ugeni huo chakula cha siku hiyo kinakuwa bora kuliko cha siku zote. Mwenyeji huyo hakuomba kutembelewa, wala hakushindana na jirani yake ili apate mgeni. Katika michezo ya kimataifa, hata hivyo, neno lilo hilo limebebeshwa mzigo mwingine. Mwenyeji wa mashindano ni yule aliyeomba kutembelewa, akakaguliwa, akalinganishwa na wengine, akachaguliwa, kisha akatia sahihi mkataba. Je, yafaa wawili hawa waitwe kwa jina moja?

Swali hili si la kuchezea maneno tu. Tarehe 27 Septemba 2023, mjini Cairo, Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tangu siku hiyo habari za jambo hili zimeandikwa kwa Kiswahili kila mahali, na msomaji makini atakuwa ameona jinsi istilahi zinavyogongana. Mara Tanzania ndiyo mwenyeji, mara chama cha mpira ndicho mwenyeji, mara mji ndio mwenyeji. Mwingine husema nchi "imeshinda zabuni", mwingine husema "imepewa uenyeji", na mwingine husema "itaandaa" mashindano. Katika gazeti tofauti hizo hazimdhuru mtu. Katika mkataba, au katika barua ya wizara kwenda kwa halmashauri ya jiji, zaweza kuficha jambo kubwa, yaani ni nani aliyeahidi na ni nani atakayelipa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi miji imekuwa ikichaguliwa kupokea mashindano makubwa, na kutokana na historia hiyo tupendekeze istilahi chache. Tutaanzia Dodoma. Dodoma haijapata kupokea fainali kubwa za kimataifa, lakini hakuna mji mwingine wa Tanzania unaojua vizuri zaidi maana ya kuchaguliwa.

Simulizi ya Wagogo yasema kwamba jina la Dodoma limetokana na neno "idodomya", yaani amezama, kwa ajili ya tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia katika tope. Ni jina la ajabu kwa mji wa nyanda kavu, ambako mvua huja kwa msimu mmoja tu na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1910, na mji ukakua kwenye njia panda ya reli hiyo na barabara kuu itokayo kaskazini kwenda kusini. Kisha, mwaka 1973, matawi ya TANU yaliulizwa maoni juu ya kuhamisha makao makuu ya nchi kutoka Dar es Salaam, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo uamuzi wa kuhamia Dodoma ulitangazwa. Hoja iliyotangulia nyingine zote ilikuwa ya mahali: Dodoma ipo katikati, na wananchi wa pande zote wangeweza kuifikia bila kupendelewa pwani wala mpaka wowote. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa, na mwaka 1976 ramani kuu ya mji mpya ikakamilishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada.

Wasomaji wetu wanaufahamu mwendo uliofuata. Ilitarajiwa kwamba kazi yote ingekwisha katika muda wa miaka kumi. Bunge lilianza kufanya mikutano yake Dodoma mwaka 1996. Agizo la Serikali nzima kuhama lilitolewa mwaka 2016. CDA ilivunjwa mwaka 2017, baada ya malalamiko ya miaka mingi ya wananchi kuhusu viwanja na ardhi. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, na mwaka huo huo sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ikapitishwa. Kuchaguliwa kulikuwa jambo la siku moja, ila kuwa kile ulichochaguliwa kuwa kulichukua zaidi ya miaka arobaini.

Tunaona mambo mawili katika historia hii. Kwanza, Dodoma haikuomba. Hakuna ujumbe uliotoka Ugogoni kwenda kuusifu mji mbele ya wapiga kura. Ndiyo maana katika maandishi ya wakati ule hatukuti maneno kama "mgombea" au "zabuni". Twakuta "uamuzi", "kuhamia" na "ustawishaji". Pili, waliulizwa watu kabla ya uamuzi, na waliulizwa nchini kote. Lakini kuuliza nchi nzima si sawa na kumwuliza mwenye shamba ambalo barabara mpya itapita. Malalamiko ya ardhi tuliyoyataja yalitoka katika pengo hilo.

Uwanda huu wa kati unao mfano mwingine, wenye uchungu zaidi. Kongwa, mashariki ya Dodoma, ilichaguliwa baada ya vita vya pili vya dunia iwe kitovu cha mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza. Ujumbe mdogo ulioongozwa na John Wakefield ulikagua nchi kwa wiki chache mwaka 1946, ukatoa taarifa ya matumaini makubwa. Kazi ilianza mwaka 1947. Udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua ikapungua, mashine zikaharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kugharimu pauni zipatazo milioni 36. Kongwa nayo haikuomba, wala haikuulizwa. Ilikaguliwa tu. Tunautaja mfano huu kwa sababu ukaguzi wa wageni wa muda mfupi ni sehemu kubwa ya uchaguzi wa miji ya michezo hata leo, na neno "kufaa" katika taarifa ya ukaguzi lataka kusomwa kwa uangalifu.

Sasa tugeukie michezo yenyewe. Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilikabidhiwa Athens kwa ajili ya mwaka 1896 na mkutano uliofanyika Paris mwaka 1894, pasipo ushindani. Kadiri michezo ilivyokua, miji ilianza kushindana, na ikawa desturi kwamba mji ndio unaoomba na mji ndio unaopewa, si nchi. Wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hupiga kura ya siri, na mji wenye kura chache huondolewa hadi mmoja upate zaidi ya nusu. Hivyo ndivyo Montreal ilivyoishinda Moscow na Los Angeles mwaka 1970, ikapewa michezo ya mwaka 1976. Wasomaji watakumbuka kwamba Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kwa sababu ya uhusiano wa raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwenyeji aweza kutandika jamvi, lakini hawezi kumlazimisha mgeni kuketi. Kwa wakazi wa Montreal kulikuwa na jambo zito zaidi: deni la michezo hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2006, miaka thelathini baada ya mwenge kuzimwa. Hapo mwenyeji hakupona upesi.

Mwaka uo huo wa 1970 Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani, ilipewa Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1976. Wakazi wakaanza kuuliza gharama na madhara kwa milima yao, na Novemba 1972 wapiga kura wa jimbo wakakataa fedha za umma zisitumike. Denver ikaurudisha uenyeji, na michezo ikafanyika Innsbruck, Austria. Tukilinganisha na Dodoma, tunaona kinyume chake. Katika nchi yetu wanachama waliulizwa kwanza, ndipo mji ukachaguliwa. Kule mji ulichaguliwa kwanza, ndipo wananchi wakaulizwa.

Hofu ya Montreal ilienea. Ilipofika zamu ya kuchagua mji wa mwaka 1984, Tehran ilijitoa, ikabaki Los Angeles peke yake. Kwa kuwa hapakuwa na mpinzani, jiji hilo liliweza kukataa kubeba hasara, na kamati ya watu binafsi ikachukua jukumu la fedha. Michezo ikaleta faida, na miji mingi ikarudi tena kuomba. Ushindani ukazaa ufisadi. Mwishoni mwa mwaka 1998 ilifichuka kwamba baadhi ya wajumbe walipokea zawadi na fadhila wakati Salt Lake City ilipoomba michezo ya mwaka 2002. Wajumbe kadhaa wakafukuzwa au wakajiuzulu, na wajumbe wakakatazwa kuitembelea miji inayoomba. Baadaye miji ikaanza tena kukimbia, hata mwaka 2017 Paris na Los Angeles zikapewa kwa pamoja michezo ya mwaka 2024 na 2028. Mwaka 2019 utaratibu wenyewe ukabadilishwa: sasa tume hufanya mazungumzo na miji, kisha hupendekeza mmoja ili wajumbe waupigie kura. Brisbane ilichaguliwa hivyo mwaka 2021 kwa ajili ya mwaka 2032. Isitoshe, sasa "mwenyeji" katika kanuni hizo aweza kuwa zaidi ya mji mmoja, au hata jimbo au nchi.

Mpira wa miguu una njia tofauti. Huko anayeomba ni chama cha mpira cha nchi, na nyuma yake husimama serikali yenye kutoa dhamana. Miji hutajwa ndani ya ombi, nayo huingia mikataba yake baadaye. Afrika Kusini ilichaguliwa tarehe 15 Mei 2004 kupokea Kombe la Dunia la mwaka 2010 kwa kura 14 dhidi ya 10 za Moroko, na Misri haikupata hata moja. Walioshinda walikuwa nchi. Lakini mechi zilichezwa katika miji tisa, na baadhi yake, kama Polokwane na Nelspruit, ilikuwa miji ya mikoa iliyo mbali na pwani, ya namna ya Dodoma. Katika miji ya aina hiyo swali gumu lilikuja baada ya mashindano: uwanja mkubwa utatumiwa na nani, na utatunzwa kwa fedha gani?

Afrika ya Mashariki nayo ina kumbukumbu zake. Nairobi ilipokea Michezo ya Afrika Nzima mwaka 1987, na uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa ajili hiyo. Lakini Kenya pia ilikabidhiwa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1996 ikanyang'anywa, zikaenda Afrika Kusini. Na mwaka 2017 ikanyang'anywa fainali za wachezaji wa ligi za ndani za mwaka 2018, zikaenda Moroko. Halikuwa jambo la Kenya peke yake. Kamerun ilipoteza fainali za mwaka 2019, zikaenda Misri, na Guinea ikapoteza zile za mwaka 2025, zikaenda Moroko. Fainali za wachezaji wa ndani za mwaka 2024 zilizokabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda ziliahirishwa, zikachezwa Agosti 2025. Kwa upande wa Tanzania mechi zilichezwa Dar es Salaam na Unguja. Uwanda wa kati haukuwamo.

Kutokana na historia hii twaweza sasa kuyachambua maneno. Tunaona kuna wahusika watano ambao Kiswahili cha siku hizi huwachanganya.

Wa kwanza ni yule mwenye mashindano, kama vile CAF, FIFA au Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Yeye ndiye anayechagua, na ndiye awezaye kunyang'anya. Twapendekeza aitwe "mmiliki wa mashindano". Kumwita "mwandalizi" kwapotosha, maana mara nyingi yeye haandai; huandaliwa.

Wa pili ni yule anayetaka kuchaguliwa. Hapa ndipo neno "zabuni" lilipoingia. Zamani kuzabuni kulikuwa kutaja bei katika mnada. Leo kila mtumishi wa Serikali anaijua zabuni katika ununuzi wa umma: mtu hutaja bei, akishinda hufanya kazi, kisha hulipwa na aliyetangaza zabuni. Katika michezo mambo ni kinyume. Anayeshinda ndiye anayelipa, na aliyetangaza hubaki na sehemu kubwa ya mapato ya matangazo ya televisheni. Diwani akisoma kwamba jiji lake "limeshinda zabuni", atatazamia malipo. Yafaa basi tuseme "ombi la uenyeji", na mhusika aitwe "mwombaji" au "mji mwombaji". Neno hili ni la unyenyekevu, nalo ni la kweli.

Wa tatu ni yule anayeahidi kufidia upungufu. Katika sheria, anayetoa dhamana ni mdhamini. Lakini katika michezo neno "mdhamini" limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kampuni itoayo fedha ili jina lake litangazwe kwenye fulana na mabango. Basi mfasiri akiandika kwamba Serikali ni "mdhamini wa mashindano", msomaji atadhani Serikali inatoa mchango wenye kikomo, kumbe imeahidi kubeba mzigo wote utakaobaki. Hatari hii ni kubwa kuliko zote tulizozitaja. Kwa kuwa matumizi ya michezo yamekwisha kuota mizizi, hatuoni faida ya kupambana nayo. Twapendekeza Serikali iitwe "mweka dhamana", na kwamba neno "dhamana" lifuatwe daima na maelezo ya kiasi chake na mwisho wake.

Wa nne ni yule anayefanya kazi ya kila siku: kukarabati viwanja, kupanga usafiri, kuuza tiketi. Huyu ndiye "mwandalizi", na kamati yake ni "kamati ya maandalizi".

Wa tano ndiye mwenyeji hasa. Asili ya neno lenyewe, kama inavyoelezwa kwa kawaida, ni "mwenye mji". Kwa hiyo "mji mwenyeji" ni kama kusema mji ulio mwenye mji. Hatusemi neno hilo liachwe, kwani lugha haiendeshwi kwa asili ya maneno peke yake. Ila asili hiyo yatukumbusha kwamba uenyeji ni wa watu walio na mji. Katika Olimpiki, ambako mji wenyewe hutia sahihi, "mji mwenyeji" ni sahihi. Katika mpira, ambako nchi ndiyo hupewa, twapendekeza "nchi mwenyeji" kwa nchi, na "mji wa mashindano" kwa kila mji ambamo mechi huchezwa.

Yabaki matukio mawili ambayo Kiswahili kinayaeleza vizuri kwa mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Kenya na Guinea "zilivuliwa uenyeji". Denver "ilijivua uenyeji". Tofauti ya kauli hizo mbili yaonyesha upande uliovunja ahadi, nayo ni tofauti ambayo mwanasheria angehitaji sentensi nzima kuieleza.

Turudi Dodoma. Mji huu leo una mambo ambayo wakaguzi wa mashindano huyatafuta na ambao haukuwa nayo mwaka 1973. Una ofisi za Serikali na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi hapo Julai 2024. Mwaka 2016 Mfalme Mohammed wa Sita wa Moroko, alipotembelea Tanzania, alikubali ombi la kujengea Dodoma uwanja mkubwa wa michezo, na tangu hapo habari za uwanja mpya hazijakauka. Si kazi ya makala haya kusema kama Dodoma iombe au isiombe. Lakini siku itakapotajwa katika ombi lolote, hati zitaandikwa na kufasiriwa na watu wanaosoma kurasa hizi. Mkazi wa Dodoma akipewa hati hizo kwa Kiswahili, awe na uwezo wa kuuliza na kujibiwa: Nani ameomba? Nani ameweka dhamana, na ya kiasi gani? Uwanja utakuwa wa nani wageni wakishaondoka? Na wenye mashamba wameulizwa lini, kabla au baada?

Istilahi tulizozipendekeza si amri. Walimu wa michezo, wanasheria na wafasiri wanaoshughulika na mikataba ya namna hii huenda wanayo maneno bora, hasa kwa mhusika wa tatu, ambaye bado anatutatiza. Tutafurahi kupokea maoni yao ili yajadiliwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.